Waya ulisingiziwa, aliyejifungia ndani ni draiva yangu

Mwezi uliopita nilimaliza karibu wiki nzima naangalia skrini yenye amri moja tu, `rmmod`, ya kuitoa draiva (programu inayoendesha kifaa) kwenye keneli, kile kiini cha Linux, na chini yake hamna kitu. Haikatai, haikubali, imekaa tu. Unapiga Ctrl+C, kimya. Unafungua dirisha lingine unapiga `kill -9`, ya kuua kwa nguvu, kimya vilevile. `ps` inakwambia mchakato uko hali ya D, ule usingizi ambao hata upige debe sikioni mtu haamki, alafu ukingoja dakika mbili keneli yenyewe inaanza kulalamika:

`INFO: task rmmod:812 blocked for more than 120 seconds.`

Kifaa chenyewe ni bodi ndogo ya ARM ya kora nne, inakaa juu kwenye mnara wa matanki ya maji, kazi yake ni kusoma kiwango cha maji kupitia I2C (nyaya za kuongea na vipimo) kila sekunde na kuwasha au kuzima pampu. Linux ya kawaida, draiva nimeandika mie mwenyewe, kodi yote ni yangu (kodi ya programu, sio ile ya TRA, ingawa nayo siku hizi inauma vilevile).

Mezani kwangu ilikuwa haina shida kabisa. Naipakia naitoa, naipakia naitoa, niliandika mpaka skripti ya kuipakia na kuitoa mara mia mbili nikaenda kula, nikirudi nakuta imemaliza safi. Imefika saiti, siku ya kwanza ya kuweka toleo jipya, imeganda. Fundi aliyekuwa kule juu akasema kuna waya wa kipimo umelegea huku, akauchezea, tukazima umeme tukawasha, toleo likaingia. Basi kila mtu akafurahi, tatizo lilikuwa waya, fundi akaweka mpya, kesi imefungwa.

Mie roho ikagoma. Waya mbovu unaweza kukupa namba mbovu, hilo naelewa, lakini unamzuiaje rmmod asife? Nikamwambia fundi bro usiutupe huo waya, niletee. Akaniletea huku ananicheka. Nikaufunga kwenye bodi ya mezani, nikapiga rmmod, ikaganda palepale.

Sasa hapo ndo ujue una bahati, kwa sababu mkwamo unaorudiwa ni nusu ya dawa. Nikaandika hii, na kama hujawahi kuitumia iweke kichwani maana siku moja itakuokoa:

`echo w > /proc/sysrq-trigger`

Hiyo inaiambia keneli imwage kwenye logi michakato yote iliyolala ule usingizi wa D, kila mmoja na mahali alipolalia. Wakatoka wawili. Mmoja rmmod, amelala ndani ya `__flush_work`, anasubiri kazi ya nyuma iishe. Mwingine kworker, yule kibarua wa keneli anayefanya kazi za nyuma, amelala ndani ya `mutex_lock`, anaomba kufuli (la kuhakikisha mmoja tu anagusa kitu kwa wakati mmoja), kwenye fankisheni yangu. Nikaangalia kodi yangu. Cheki na wewe, huyu ndo kibarua:

```
static void soma_maji(struct work_struct *w)
{
        struct kipimo *k = container_of(to_delayed_work(w),
                                        struct kipimo, kazi);
        int i, jibu;

        for (i = 0; i < 20; i++) {
                mutex_lock(&k->kufuli);
                jibu = soma_i2c(k);
                mutex_unlock(&k->kufuli);
                if (jibu >= 0)
                        break;
                msleep(40);
        }
        schedule_delayed_work(&k->kazi, HZ);
}
```

Na huku ndo kwenye kutoa draiva:

```
        mutex_lock(&k->kufuli);
        cancel_delayed_work_sync(&k->kazi);
        device_remove_file(k->dev, &dev_attr_kikomo);
        zima_pampu(k);
        mutex_unlock(&k->kufuli);
```

Umeona? Mie nilikuwa nimeangalia hizo mistari miezi minne sijaona kitu. `cancel_delayed_work_sync` hairudi mpaka kibarua amalize kama yuko katikati ya kazi, ndo maana ya ile `sync` mwishoni. Sasa rmmod ameshika kufuli, anamsubiri kibarua amalize. Kibarua ili amalize anahitaji kufuli. Nani amwachie nani? Hamna. Wamekaa hivyo mpaka uzime umeme.

Na waya unaingia wapi? Waya ukiwa mzima, jaribio la kwanza tu linapata jibu, kibarua anaingia anatoka kwa milisekunde chache, sekunde nzima iliyobaki hayupo kazini. Ili rmmod amnase lazima ashike kufuli kwenye kile kijisekunde kati ya kibarua kuanza na kibarua kufika kwenye `mutex_lock`, ndo maana mara mia mbili hazikutosha. Waya ukilegea, kibarua anajaribu mara ishirini, na kila akishindwa anaachia kufuli analala milisekunde arobaini, maana nilijifanya mstaarabu, nisikae na kufuli wakati nimelala. Ustaarabu wangu ndo uliofungua mlango. Rmmod anapita hapo katikati, anakuta kufuli liko wazi, analichukua, na kibarua bado yuko njiani anarudi kulitaka. Karibu milisekunde mia nane za hatari kwa kila raundi. Kosa lilikuwepo siku zote, waya ulilitoa tu mafichoni.

Nyumbani kwetu tulikokulia kulikuwa na mbuzi moja ya kukunia nazi na kifumbu kimoja, nyumba ya wapangaji, wanawake wote wanashea. Dedloku, huu mkwamo wa kusubiriana, ya kwenye vitabu ndo hiyo: mama Asha kachukua mbuzi anasubiri kifumbu, mama Juma kachukua kifumbu anasubiri mbuzi, hakuna anayetaka kuachia, wali wa nazi hauliwi siku hiyo. Dawa yake inajulikana na ni rahisi, mnapatana kwamba hapa nyumbani kila mtu anaanza na mbuzi. Hujapata mbuzi, usiguse kifumbu. Basi, duara haliwezi kujifunga tena. Kina Coffman, watafiti wa kompyuta, waliliandika kitaalamu mwaka 1971, masharti manne ambayo lazima yawepo yote kwa pamoja: kitu kinashikwa na mmoja tu, mtu anashika kimoja huku anasubiri kingine, hakuna wa kumnyang'anya, na kusubiriana kunazunguka kama duara. Ukivunja moja tu umepona. Ila kwenye keneli matatu ya mwanzo ni kama huna ujanja nayo, huwezi kumpora mtu kufuli wakati yuko katikati ya kubadilisha orodha ya kumbukumbu, utaacha vitu nusu nusu. Kwa hiyo kinachobaki ni duara, na duara unalivunja kwa mpangilio.

Lakini angalia kosa langu. Kufuli lilikuwa moja! Mpangilio gani utauweka kwa kufuli moja? Hapa ndo nilipokwama kichwani, maana miaka yote nilikuwa nahesabu makufuli. Langu linafanana na mama Asha aliyeshika mbuzi, kamtuma mtoto, kasema sibanduki hapa mpaka arudi, na kumbe kazi aliyomtuma mtoto haiishi bila mbuzi. Kifumbu hakipo kwenye hiyo stori kabisa. Cha pili kilichoshikwa ni huko kusubiri kwenyewe. Kusubiri kokote kwenye keneli ni kufuli ambalo halijaandikwa jina, na ukishaliona hivyo unaanza kuyaona kila kona, yaani nilirudi kwenye draiva zangu za zamani nikatamani kuwapigia watu simu.

Mfano memori. Unaomba memori kwa `kmalloc` na bendera ya kawaida, GFP_KERNEL, unaona kama kitu kidogo tu. Memori ikiwa imebana, keneli inaanza kusafisha, na kusafisha kunaweza kumaanisha kuuambia mfumo wa mafaili andika data diski ili kurasa (vipande vya memori) ziachiwe. Sasa kama anayeomba memori ni mfumo wa mafaili wenyewe, na ameshika kufuli lake, basi anajisubiri mwenyewe kwa mlango wa nyuma. Ndo maana kuna GFP_NOFS, yaani nipe memori ila usithubutu kurudi kwangu, na kwa watu wa diski kuna GFP_NOIO. Tangu mwaka 2017 kuna njia nzuri zaidi, `memalloc_nofs_save`, unaweka alama mwanzoni mwa eneo zima na kila ombi la memori ndani yake linaheshimu, badala ya kukumbuka bendera kwenye kila mstari (na binadamu hakumbuki).

Mfano mwingine ambao unawaumiza sana watu wa draiva, `copy_from_user`. Unashika kufuli lako, unachukua data kutoka kwa programu ya mtumiaji. Ukurasa wa mtumiaji haupo kwenye memori, inatokea hitilafu ya ukurasa, keneli inaenda kuushughulikia na kwa hilo inaweza kuhitaji mmap_lock, kufuli la ramani ya memori ya ule mchakato. Huku upande wa pili thredi nyingine ya mchakato uleule imeita mmap (kuomba memori ya kifaa ionekane kwake) kwenye kifaa chako, keneli imekuja kwako tayari imeshika mmap_lock, na wewe mle ndani unataka kufuli lako. Mbuzi na kifumbu, safi kabisa, na hakuna mahali kwenye kodi yako ulipoandika neno mmap_lock. Dawa ni kukopi kwanza kwenye bafa yako, alafu ndo ushike kufuli.

Intarapti, yaani kifaa kuikatiza prosesa, nayo ni dunia yake. Hapo mtu anajifungia mwenyewe peke yake: umeshika spinloku (kufuli ambalo anayelisubiri halali, anazunguka tu), kifaa kinapiga kengele, prosesa ileile inaacha ulichokuwa unafanya inakimbilia kwenye kishughulikiaji chako cha intarapti, nacho kinataka spinloku ileile. Kinazunguka kinasubiri iachiwe, na mwenye kuiachia ndo huyo aliyekatizwa, hawezi kurudi mpaka kishughulikiaji kiishe. Ndo kisa cha `spin_lock_irqsave`, inazima intarapti za prosesa hiyo kabla ya kushika. Hii nilishawahi kuila miaka ya nyuma na ilinichanganya kwa sababu bodi ya zamani ilikuwa na kora moja, na kwenye keneli iliyojengwa kwa kora moja spinloku ya kawaida haizungukii kitu chochote, inazuia tu usinyang'anywe prosesa. Kosa lipo ila halina meno. Tukahamia bodi ya kora nne, likaota meno.

Kuna watu watasema si tungekuwa na kufuli moja kubwa la keneli nzima tukapumzika. Lilikuwepo! Linux 2.0 ya mwaka 1996 ilipoanza kukubali prosesa zaidi ya moja ilikuja na Big Kernel Lock, na lilikuwa kufuli la ajabu, ulikuwa unaweza kulishika mara mbili mbili, na ukilala linaachiwa lenyewe alafu ukiamka unarudishiwa. Raha tupu kwa mwandishi mvivu, ila prosesa zote zinapanga foleni mlango mmoja, na hakuna aliyekuwa anajua tena kufuli linalinda nini hasa. Kulitoa lote kulichukua mpaka toleo la 2.6.39, mwaka 2011. Miaka kumi na tano kung'oa kitu kilichowekwa kwa muda.

Wakubwa wenyewe wanaoandika keneli wanafanyaje? Ukitaka kuona mpangilio wa kweli fungua faili la `mm/rmap.c` kwenye keneli, juu kabisa kuna maoni marefu yameandika kufuli gani linashikwa ndani ya lipi, ngazi kwa ngazi. Ila kinachonifurahisha zaidi ni habari ya kuhamisha folda. Mmoja anapiga `mv a/x b/`, mwingine sekunde ileile anapiga `mv b/y a/`. Wote wanahitaji kushika folda a na folda b. Nani wa kwanza? Huwezi kusema "ya kutoka kwanza", maana ya kutoka kwa huyu ni ya kufikia kwa yule. Kwa hiyo keneli inaweka kwanza kufuli moja la mfumo mzima wa mafaili, kwa ajili ya uhamisho wa kutoka folda moja kwenda nyingine, ili mti usibadilike wakati inaangalia nani mzazi wa nani, alafu kama mmoja ni babu wa mwenzie babu anashikwa kwanza. Yakiwa mafaili ya kawaida mawili inaangalia tu anwani zake kwenye memori na kuzipanga kwa hiyo. Kijinga eeh? Lakini haina ubishi, kila mtu anapata jibu lilelile, na mpangilio hauhitaji kuwa na maana, unahitaji tu kuwa mmoja.

Turudi mezani kwangu. Aibu ya kwanza niseme tu: dawa niliyoweka usiku ule ilikuwa `mutex_trylock` kwa kibarua, yaani ukikuta limeshikwa acha, ondoka. Na ilifanya kazi, rmmod ikawa inatoka. Asubuhi nikagundua vipimo vinaruka kila mtu anapobadilisha kikomo cha tanki, kwa sababu kibarua akikuta kufuli limeshikwa kwa sababu yoyote ile anasusa. Nilikuwa nimeponya kidole kwa kukata mkono. Dawa ya kweli ilikuwa kuhamisha mstari mmoja, `cancel_delayed_work_sync` ipande juu ya `mutex_lock`. Unamsubiri kibarua amalize ukiwa mikono mitupu, akishaondoka ndo unashika kufuli na kufanya yako. Mstari mmoja wadau, wiki moja.

Na hiyo wiki ningeiokoa yote kama ningewasha lockdep, mkaguzi wa makufuli wa keneli, tangu mwanzo. Hii kitu iliandikwa na Ingo Molnar, ikaingia kwenye Linux 2.6.18 mwaka 2006, unaiwasha kwa CONFIG_PROVE_LOCKING ukijenga keneli yako. Ujanja wake ni kwamba haisubiri mkwamo utokee. Inaandika tu kila siku: kufuli la aina hii limeshikwa wakati la aina ile limeshikwa, na ikija kuona siku nyingine, prosesa nyingine, yameshikwa kinyume, inapiga kelele hata kama hao wawili hawajawahi kukutana. Na keneli za miaka ya karibuni zinahesabu hata kumsubiri kibarua kama kufuli, hilo ndo jambo. Nikarudisha kodi mbovu, nikaweka waya mpya mzima, nikapakia draiva, nikaacha isome mara moja, nikapiga rmmod. Ikatoka vizuri, haikuganda, na kwenye dmesg, logi ya keneli:

`WARNING: possible circular locking dependency detected`

na chini yake `&k->kufuli` na `(work_completion)(&(&k->kazi)->work)`, majina kamili ya wagomvi wote wawili. Mara moja tu, waya mzima. Mie nilikuwa na mara mia mbili za skripti.

Vitu viwili kuhusu lockdep ambavyo vitakuzingua. Kwanza inaangalia aina, sio kufuli mojamoja, kwa hiyo vipimo vyote kumi vya draiva yangu kwake ni kufuli aina moja, nikishika viwili kwa pamoja inasema nimejirudia. Kuna `mutex_lock_nested` ya kuieleza kwamba hapa najua ninachofanya, na nimeona watu wanaitumia kama plasta ya kuziba mdomo wa ripoti, usifanye hivyo kama huwezi kueleza kwa maneno kipi kinatangulia. Pili, ikishatoa ripoti moja inajizima mpaka uwashe mashine upya. Ukiona logi imetulia baada ya hapo sio kwamba umepona, imelala. Angalia `/proc/lockdep_stats`, mstari wa `debug_locks` uwe 1. Na ni nzito, usiende nayo saiti, hiyo ni ya keneli ya majaribio.

Hilo la pili lilinipata mie. Nimehamisha ule mstari, nimewasha upya, najipongeza, ripoti nyingine hii hapa, safari hii imetaja `kn->active`. Ule mstari unaofuata kwenye kutoa draiva, `device_remove_file`, nao unasubiri! Unasubiri kila mtu aliyeko ndani ya faili la sysfs (faili la mipangilio ya draiva) atoke kwanza. Na mtu anayeandika kikomo kipya kwenye lile faili, anaingia kwenye fankisheni yangu ya store, ya kupokea kinachoandikwa, ambayo kitu cha kwanza inafanya ni kushika kufuli. Kosa lilelile, mistari miwili mfululizo, na ripoti ya kwanza ilikuwa imeficha ya pili. Nao ukapanda juu, kabla hata ya kumsubiri kibarua, ili mtu asiandike kikomo kikamwamsha kibarua ambaye nimeshamuaga. Ndani ya kufuli ikabaki `zima_pampu` peke yake, ambayo haimsubiri mtu.

Ule waya mbovu bado uko mezani. Fundi alipita juzi akauona akataka kuutupa kwenye pipa, nikamwambia acha, huo ni kifaa cha kazi. Nimeufungia kibandiko kimeandikwa "JARIBIO LA RMMOD" na kila toleo kabla halijapanda mnarani linapita kwanza kwenye waya uliolegea.